Mtoto wa Ghorofa ya Nne

Nimechoka kuulizwa habari za yule askari. Mtu anakuja na suruali ya kupunguzwa, anaiweka mezani, na badala ya kuniambia nipunguze wapi anainua macho kule juu ukutani ambako masizi hayajapakwa rangi mpaka leo, ananiuliza: "Kumbe ni hapa?" Ni hapa, ndugu yangu. Sasa nieleze suruali yako. Nina miaka hamsini na mitatu, miguu imevimba, na cherehani yangu imekaa langoni mwa ploti hii ya Kayole, jengo la vyumba vya kupanga, miaka kumi na sita. Anayeingia ananipita mimi, anayetoka ananipita mimi. Ndiyo maana siku ile niliulizwa mimi.

Yule askari sikumpenda, na sitajifanya nilimpenda kwa sababu amekufa. Hapa kwetu karao hapendwi, anavumiliwa. Yeye alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, wa kituo kidogo kilicho karibu na steji ya matatu, na nilimwona kwa macho yangu akimwaga jiko la mama wa mahindi pale kona, makaa yakitawanyika barabarani, eti ameambiwa ahame na hajahama. Siku hiyo nilitema mate. Wiki iliyofuata akaniletea suruali ya kazi, kiuno kipana ajabu. "Mathe," akasema, "hii walimshonea baba yangu, wakanipa mimi." Nikacheka kabla sijakumbuka kwamba nimemkasirikia. Nikamfinyia kiuno, akasimama hapo hapo akinisimulia kuhusu mke wake, kwamba amemwoa juzi juzi, hapendi mboga, na yeye ndiye anayemlazimisha azile. Alikuwa mtu kama watu, nusu yake mbaya na nusu yake nzuri, na haraka kila wakati.

Sasa kuna jambo ambalo waliokulia kwenye nyumba za yaya hawataki kulielewa. Ghorofa za juu za ploti yetu zimejaa akina mama wa kibarua. Saa kumi na moja na nusu alfajiri wameshatoka, wanakwenda kupiga foleni kwenye mageti ya viwanda kule Industrial Area, ukichelewa umekosa siku. Mtoto ambaye hajafika umri wa shule utampeleka wapi? Basi anafungiwa. Mlango unapigwa kufuli kwa nje, ndani kuna uji kwenye thamosi, kopo la kukojolea na runinga ya katuni. Hatukuona kama ni jambo zuri. Lakini hatukwenda kusema popote, maana ukisema, afisa wa watoto atakuja kumchukua mtoto, halafu wewe uliyesema utamwangalia mama yake machoni namna gani?

Kule ghorofa ya nne, ninakoishi na mimi, tulikuwa na mpango wetu. Mama akimfungia mtoto, anaacha ndara za mtoto nje, kizingitini, chini ya kufuli. Hapo kila apitaye anajua kuna mtu ndani. Unabisha, unauliza, "Umekula? Unalia nini?" Mtoto anakujibu kupitia mlangoni, unaendelea na safari yako. Ndara zikiwa hazipo, nyumba haina mtu. Hakuna aliyetangaza sheria hiyo, ilijiotea tu. Mimi nimebisha milango hiyo miaka mingi, nimefundisha watoto wawili watatu kuhesabu mpaka ishirini bila kuziona sura zao.

Mlango wa mwisho alikuwa akikaa msichana mmoja, namwita msichana ingawa ni mama, ana mtoto wa kiume wa miaka minne. Mume hayuko, na usiniulize alikokwenda. Alifanya kazi kwenye kiwanda cha ndoo na beseni za plastiki. Alinisaidia kupandisha maji nilipokuwa naumwa mgongo, nami nilimwangalizia mtoto kwa masikio, namna hiyo niliyoieleza.

Siku ile nilidamka kwenda sokoni Gikomba kutafuta zipu na nyuzi. Nilirudi kwenye saa tatu asubuhi, nikapanda juu kuweka mkoba. Mlango wa mwisho una kufuli. Ndara za bluu zipo kizingitini. Nikabisha. "We mwanaume, umekunywa uji?" Kimya. Nikasema moyoni, amelala, alikuwa na kikohozi usiku, nilimsikia. Nikashuka nikakaa kwenye cherehani yangu. Sikubisha mara ya pili. Ningebisha mara ya pili, pengine ningeinama, na kama ningeinama ningeona kitu. Lakini magoti yangu siku hizo yalikuwa yakinisumbua na nilikuwa na sare za kwaya za kumaliza.

Karibu saa tano nikasikia harufu ya waya unaoungua. Ukiishi kwenye ploti unaijua harufu hiyo hata usingizini. Nikainua kichwa, moshi unatoka kwenye dirisha la ngazi, ghorofa ya tatu, pale penye masanduku ya mita za stima. Kabla sijasimama vizuri watu wameanza kushuka, huyu na godoro, huyu na mtungi wa gesi begani, mwingine amebeba runinga na amemsahau mkewe. Kelele tupu. Vijana wa steji wakaja mbio na beseni za maji. Wengine wakarusha mchanga. Gari la zimamoto lilisikika mbali, likasikika tena mbali vile vile, kwa sababu njia yetu ina vibanda pande zote mbili na gari kubwa haliingii bila vibanda kuvunjwa. Nami mwenyewe meza yangu ilikuwa njiani, nisiwalaumu wengine.

Yule askari akafika akikimbia, mwenzake nyuma yake. Mwenzake akaanza kusukuma watu warudi nyuma. Yeye akanijia mimi moja kwa moja.

"Mathe, wote wametoka?"

Nikatazama watu waliosimama pale. Nikapitisha macho kwa wa ghorofa ya pili, wa tatu, wa nne. "Bado mtoto," nikasema. "Ghorofa ya nne, mlango wa mwisho. Amefungiwa."

"Una hakika?"

"Nimetoka huko asubuhi hii! Amefungiwa, nakwambia, mama yake yuko kazini."

Akatazama ngazi. Moshi ulikuwa umeanza kuwa mweusi. Akasita kidogo, si zaidi ya pumzi mbili, mtu yeyote angesita. Na mimi, Mungu anisamehe, nikampigia kelele mbele ya watu: "Unangoja nini? Kumwaga majiko ya akina mama unaweza, kupanda ngazi huwezi?"

Hayo ndiyo maneno niliyomwambia. Wahenga walisema mdomo uliponza kichwa, lakini mimi mdomo wangu uliponza kichwa cha mwenzangu, changu kiko hapa kizima. Yeye alichukua leso yangu niliyokuwa nimeichovya kwenye beseni, akajifunga usoni, akanyakua kipande cha chuma tunachofungia lango, akapanda. Tulimsikia akigonga kufuli. Mara tatu, mara nne. Kisha kitu kikalipuka ghorofa ya tatu, nadhani mtungi wa gesi uliosahaulika, na vioo vikamwagika, sote tukakimbia.

Zimamoto walipopata njia na kumtoa, alikuwa hana fahamu. Alikata roho kabla hajafikishwa hospitali. Mmoja wao, mzee mwenye mvi kwenye nyusi, akaja kunawa uso kwenye beseni yangu. Akaniuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuliza njia: "Alikuwa akitafuta nini mle? Godoro limeinuliwa. Kabati liko wazi. Hata pipa la maji amelifunua." Kijana wa watu alikuwa amemtafuta mtoto kila mahali mtoto anapoweza kujificha, ndani ya chumba kimoja, na moshi ukimmaliza.

Wakati huo huo ndipo nikamwona msichana wangu wa mlango wa mwisho akija kutoka upande wa barabara, mtoto mgongoni. Mtoto amevaa viatu vya kanisani. Anakula biskuti.

Hakuitwa kazini siku ile, ndiyo habari yote. Alifika getini mwa kiwanda alfajiri, wakamwambia leo hapana, akarudi, akampeleka mtoto kliniki kwa ajili ya kikohozi. Mimi nilikuwa Gikomba, sikumwona akirudi wala akitoka. Ndara alikuwa amezifua, akaziacha kizingitini zikauke. Hakuwaza. Nani angewaza? Zilikuwa mbichi. Ndicho kitu ambacho ningekiona kama ningeinama.

Aliposikia nyumba gani imeungua alipiga mayowe, akamshusha mtoto mgongoni, akakimbia naye mpaka langoni mwa ploti amemkumbatia kifuani, na saa hiyo hiyo ndiyo walikuwa wakimpitisha askari kwenye machela. Waliofika mwishoni waliona hayo tu: askari amebebwa, mama analia, mtoto mzima mikononi mwake. Simu zikatoka. "Ameokoa mtoto! Karao ameokoa mtoto!" Watu walilia. Vijana ambao jana yake wangemkimbia walivua kofia. Ilikuwa mara ya kwanza kuona Kayole ikimlilia askari, na wallahi hata mimi nikilia sikujua kama namlilia yeye au nayalilia maneno yangu.

Msichana akanishika mkono, kucha zikaniingia. "Mama," akaninong'oneza, "usiseme. Wakijua huwa namfungia watamchukua. Nina huyu tu." Kisha mkubwa mmoja wa polisi akaja, akamshika mtoto kichwa, akauliza, "Ni huyu?" Watu wakamjibu kabla yetu. Na mimi niliyekuwa na mdomo mrefu saa moja tu iliyopita, sikuwa na neno.

Mazishi yalikuwa kwao, Ukambani. Sikwenda. Nilisema miguu. Msichana alikwenda na mtoto, hakuwa na namna, wakamsimamisha mbele na mchungaji akahubiri juu ya mtu kutoa uhai wake kwa ajili ya mtoto asiye wake. Aliporudi alilala siku mbili. Tulipoonana hatukuzungumza lolote juu ya mahubiri hayo. Alinionyesha kuku waliyempa, nikamwambia ni mnene.

Basi, siku zikaenda. Ghorofa ya nne ilipigwa plasta nusu nusu, mimi nikarudi, yeye akahamia ploti ya jirani, chumba cha chini. Mtoto akapelekwa kwa mama mmoja wa kanisani anayelea watoto. Nilidhani nitazoea. Sikuzoea. Nikiwa nashona, nasikia lile swali lake, una hakika, na jibu langu la ukali. Mambo mengi maishani nimeyajutia kisha nikayachoka. Hili limekataa kuchokeka.

Miezi mitatu ikapita, ujumbe ukaja kwa simu: mama yake askari anataka kuja kumwona mtoto. Yeye na mkwe wake. Jumapili baada ya kanisa.

Msichana akanijia Jumamosi jioni. Tupike nini? Tumwambie mtoto aseme nini? Akamsimamisha mbele yangu. "Bibi akija utasema asante, sawa?" Mtoto akauliza, "Asante ya nini?" Aka! Nikamwambia mama yake amwache mtoto acheze, nikaingia ndani nikapiga chapati kwa hasira mpaka mikono ikaniuma. Niliamua hapo, nikiwa na unga mpaka viwikoni, kwamba yule mama akija nitamwambia. Haidhuru atanifanya nini. Mtu amezaa, amezika, halafu anapanda basi kuja kushukuru uongo? Hapana. Ng'o.

Walikuja kesho yake saa nane mchana. Mama mrefu, mwembamba, kitambaa kichwani kimefungwa kwa nguvu, kiondo kimejaa mbaazi mbichi. Mkwe wake alikuwa binti mdogo tu, na alipoinuka kutoka kwenye teksi nikaona tumbo. Miezi saba, labda minane. Hakuna aliyekuwa ametuambia. Yule kijana aliponisimulia habari za mboga kumbe tumbo hilo ndilo lililokuwa sababu, au ilikuwa ndiyo kwanza sababu inaanza. Nikashika ukingo wa meza.

Mtoto alikuwa amekwenda ibadani na yule mama anayemlea na hajarudishwa, msichana akakimbia kumleta. Tukawapa wageni viti kivulini mwa lango. Mama yake askari hakukaa. "Mama fundi," akaniambia, "kabla ya mtoto nataka nipaone. Nipandishe." Mkwe akataka kuinuka, akamzuia kwa kiganja. "Wewe na hilo tumbo kaa hapo."

Tukapanda polepole, wazee wawili tunaohema. Alipita mlango hadi mlango akigusa ukuta, vidole vikawa vyeusi. Mlango wa mwisho haukuwa umetiwa mbao, ulikuwa tundu tu. Akasimama katikati ya chumba kitupu akakizunguka kwa macho. Hakulia.

"Alimkuta wapi?" akauliza. "Mtoto. Alikuwa amejificha wapi? Nataka nijue mwanangu alimkuta wapi."

Nilikuwa nimepanga maneno mazuri. Yote yakanitoka. "Mama, hakumkuta," nikasema. "Mtoto hakuwamo. Mama yake alikuwa amempeleka kliniki. Mimi ndiye niliyemwambia mwanao kwamba yumo. Aliniuliza kama nina hakika, nikamwambia ndiyo. Alisita, nikamtukana. Ni mimi."

Nikamwambia yote, ndara, Gikomba, godoro, pipa la maji. Alinisikiliza akiwa ameniangalia mdomoni, si machoni. Nilipofika kwenye pipa la maji, akakaa chini kwenye saruji na nguo yake nzuri ya kanisani. Nikainama kumshika, akausukuma mkono wangu.

"Alifunua pipa?"

"Ndiyo, mama."

"Alikuwa akijificha humo, akiwa mdogo. Nikimtafuta nimchape." Akafunika uso na kiganja chenye masizi. Alilia namna ambayo sijasikia mtu mzima akilia, bila sauti, mabega tu. Nikasema, "Mama, nisamehe."

"Usiniombe," akasema kutoka nyuma ya kiganja. "Leo sina. Labda nitapata, labda sitapata. Usiniombe hapa."

Chini tulisikia sauti ya msichana amerudi, na mtoto akiuliza kitu kwa kelele. Mama yule akainua kichwa, akasikiliza. Akajifuta kwa upindo wa gauni.

"Huyo mke wake," akasema, "tangu tumzike hajalala usiku hata mmoja bila kuniambia: mama, angalau kuna mtoto anayepumua. Anasema hivyo, halafu analala. Anakula kwa sababu hiyo. Daktari alisema asipokula atapoteza hicho kiumbe." Akanyoosha mkono, safari hii nimsaidie kusimama. Alikuwa mwepesi sana. "Wewe umetua mzigo wako. Sawa. Umenitwika mimi, mimi nimezaa, ninaweza. Yule hapana."

Tukashuka. Uso wake alikuwa ameuosha kwa mate na kitambaa, lakini masizi yalibaki kwenye shavu moja.

Mkwe alikuwa amesimama, mikono kiunoni namna ya wajawazito, anamtazama mtoto. Msichana ameinamisha kichwa, hathubutu kuinua. Mtoto yuko katikati na shati lake jeupe, anachezea kifungo. Majirani wanane, kumi, wamesimama mlangoni kuangalia. Wote walikuwa wakimngoja bibi.

Mama yule hakumwuliza msichana. Alinigeukia mimi, akaniangalia sasa machoni, sawasawa, kwa muda ambao kila mtu aliuona.

"Mama fundi," akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "ndiye huyu?"

Msichana akainua kichwa. Mkwe akanitazama, mdomo wazi kidogo.

"Ndiye huyu, mama," nikasema.

"Una hakika?"

Sijui kama alikusudia. Sijui kama alikuwa akilirudia swali la mwanawe nililomtajia kule juu, au kama ni swali ambalo familia ile huuliza.

"Nina hakika."

Mkwe akapiga magoti kwa shida, tumbo likimzuia, akamvuta mtoto kifuani akamkumbatia, akaanza kumwita shujaa wake, baba yake, mpenzi wake, mpaka mtoto akalalamika kwamba anambana.